Kutua Bila Kibali: Kosa Liko Wapi?

Kila inaposikika kwamba ndege ndogo ya binafsi imetua kwenye kiwanja ambacho haikutarajiwa, watu hugawanyika papo hapo. Mmoja atauliza vyombo vya ulinzi vilikuwa wapi. Mwingine atamtetea rubani kwamba huenda alipata shida angani. Wa tatu atasema kiwanja ni mali ya umma, ruhusa ni ya nini? Wa nne ataamini kwamba maadamu mnara wa kuongozea ndege ulimjibu rubani, basi mambo yote ni halali. Wote wanne wanataja kibali, lakini kila mmoja ana kibali chake akilini, na ndiyo maana hawaelewani.

Kutoelewana huku kuna madhara. Jamii ikiamini kwamba kila kutua bila kibali ni uhalifu, itamfanya rubani mwenye injini inayosumbua asite kutua, na kusita huko kunaua. Ikiamini kwamba kibali ni suala la makaratasi tu, itawafungulia njia wanaosafirisha dhahabu, pembe za ndovu, dawa za kulevya na silaha. Makala haya yanatenganisha vibali vinavyochanganywa, yanaeleza kwa nini marubani hutua bila kuomba, yanapima misimamo minne inayoshindana, kisha yanatoa hukumu.

Vibali vinne vinavyodhaniwa kuwa kimoja

Kibali cha kwanza ni cha kuingia katika anga ya nchi. Msingi wake ni Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa uliotiwa saini Chicago tarehe 7 Desemba 1944. Kifungu cha 1 kinasema kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga yake. Kifungu cha 5 kinazipa ndege za kiraia zisizosafiri kwa ratiba haki ya kupita, na hata kutua kwa mahitaji kama ya kujaza mafuta, bila kuomba ruhusa mapema, ilimradi dola ibaki na haki ya kuiamuru ndege itue. Kwa maandishi, basi, ndege ndogo ya binafsi ilipewa uhuru mkubwa. Kwa vitendo, nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki, hudai kibali kabla ndege ya kigeni haijavuka mpaka.

Kibali cha pili kinahusu forodha na uhamiaji. Kifungu cha 10 cha mkataba huohuo kinairuhusu dola kudai kwamba ndege itokayo nje itue kwanza kwenye kiwanja chenye ofisi za ukaguzi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imejengwa juu ya kanuni hiyo. Rubani anayetoka Nairobi na watalii wake hawezi kuteremka moja kwa moja kwenye kiwanja cha nyasi ndani ya Serengeti, hata kama hoteli inamsubiri na kiwanja ki wazi. Sharti apitie kwanza kiwanja cha kuingilia nchini.

Kibali cha tatu ni cha mwenye kiwanja. Viwanja vingi vidogo si vya mamlaka ya viwanja vya ndege. Vingine ni vya hifadhi za wanyama, vingine vya misheni, vya migodi, vya mashamba ya mkonge au chai, vya jeshi, au vya mtu binafsi. Rubani aliyetoka Arusha kwenda kiwanja cha shamba hukohuko Tanzania hahitaji forodha, lakini anamhitaji mwenye shamba.

Kibali cha nne ni kauli ya mwongoza ndege: umeruhusiwa kutua. Hiki ndicho kinachopotosha wengi. Mwongoza ndege anapotamka maneno hayo, kwa kawaida anasema jambo moja tu, kwamba njia ya kurukia iko tayari kwa ndege hiyo kwa dakika hiyo. Hasemi kwamba abiria wana viza, wala kwamba mizigo imekaguliwa, wala kwamba mwenye kiwanja ameridhia ndege ilale hapo. Rubani anaweza kuwa na kauli ya mnara mkononi na bado akawa amevunja sheria tatu. Kinyume chake, viwanja vingi vya porini havina mnara kabisa. Huko marubani hutangaza mahali walipo na wanachokusudia kwa masafa ya redio wanayoshirikiana, na kutua bila kuambiwa na mtu ni utaratibu halali wa kila siku.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna chombo cha kusimamia usalama wa usafiri wa anga, CASSOA, chenye makao yake Entebbe, ambacho kazi yake mojawapo ni kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Kwa hiyo mvutano uliopo hautokani na ukosefu wa kanuni. Chanzo chake kikubwa ni namna kanuni zinavyoeleweka na namna zinavyotekelezwa.

Kwa nini rubani hutua bila kuomba

Sababu ya kwanza ni dharura yenyewe: injini kuzimika, moshi ndani ya chumba cha rubani, abiria kuzidiwa na ugonjwa. Hapa hakuna mjadala mrefu. Kanuni za kimataifa zinamruhusu rubani mkuu kuacha kanuni za anga pale usalama unapolazimisha, na kifungu cha 25 cha Mkataba wa Chicago kinazitaka dola zisaidie ndege iliyo taabuni ndani ya eneo lao.

Sababu ya pili ni hali ambayo bado haijawa dharura lakini inaelekea huko. Ukanda wetu una mazingira yanayoizalisha kwa wingi. Karibu na ikweta giza huingia haraka baada ya jua kutua, na viwanja vingi vidogo havina taa. Mawingu ya mchana hujikusanya juu ya milima. Mvua za masika hugeuza kiwanja cha udongo kuwa tope katika saa moja. Rubani aliyepanga kuondoka hifadhini saa tisa alasiri, akacheleweshwa na abiria hadi saa kumi na moja, ataona jua linashuka kabla hajafika. Kiwanja kingine kiko chini yake, kimenyooka, kikavu, lakini hana ruhusa nacho. Kanuni za ndege ndogo zinazoruka kwa kuona ardhi hudai akiba ya mafuta ya dakika 30 mchana. Akiba hiyo huisha upesi kwa mtu anayezunguka akitafuta uamuzi.

Sababu ya tatu ni kutojua. Kiwanja kimebadilisha mmiliki, tangazo la kufungwa limetolewa jana, namba ya simu iliyochapishwa haipatikani. Rubani anaamini ana ruhusa ya mwaka jana.

Sababu ya nne ni uvivu na mazoea. Msafirishaji amezoea kutua mahali fulani, msimamizi wa kiwanja humjua kwa jina, na ombi la maandishi limeachwa zamani.

Sababu ya tano ni kujificha. Huyu hatui bila kibali kwa kuwa amekikosa. Hakitaki, kwa sababu kibali huacha kumbukumbu. Mashariki ya Kongo imetoa mfano unaojulikana sana: huko Walikale, kipande cha barabara ya lami cha Kilambo kiligeuzwa kiwanja, ndege ndogo za mizigo zikawa zinatua barabarani na kuondoka na madini ya bati kwenda Goma. Migodi ya eneo hilo ilikuwa kwa miaka mingi mikononi mwa watu wenye silaha.

Sababu hizi tano zinafanana machoni pa mtazamaji aliye chini: ndege imeshuka, haikutarajiwa. Lakini kimaadili na kisheria ziko mbalimbali sana. Makosa mengi ya sera yanaanzia kwenye kuzihukumu kwa mkupuo mmoja.

Msimamo wa kwanza: mpaka ni mpaka

Watetezi wa msimamo huu husema ndege isiyo na kibali ichukuliwe kuwa tishio hadi ithibitike vinginevyo. Nguvu ya hoja yao iko katika jiografia. Tanzania imepakana na nchi nane kwa nchi kavu na maziwani, Kenya na Somalia zina mpaka mrefu ambao sehemu yake kubwa haina uzio, na Kongo ni pana kuliko uwezo wa serikali yoyote kuiona yote. Rada huona kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ndege inayoruka chini nyuma ya vilima hujificha. Tanzania ilipofunga rada mpya za kiraia Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe ilipanua sana macho yake, lakini hata rada nzuri haioni bondeni. Ndiyo maana kwa miaka Kenya ilizitaka ndege zitokazo Somalia zitue kwanza Wajir zikaguliwe kabla ya kuendelea Nairobi. Ilikuwa kero kwa wasafiri, lakini ilikuwa na mantiki.

Viongozi wana sababu nyingine ya kuogopa. Tarehe 28 Mei 1987, kijana Mjerumani wa miaka 18, Mathias Rust, aliruka kutoka Helsinki kwa ndege ndogo aina ya Cessna 172 akapenya ulinzi wa anga wa Kisovieti na kutua karibu na Uwanja Mwekundu mjini Moscow. Hakuwa na bomu wala silaha. Waziri wa Ulinzi, Sergei Sokolov, na mkuu wa ulinzi wa anga, Alexander Koldunov, waliondolewa kazini. Ofisa yeyote wa usalama anayekumbuka tukio hilo anajua kwamba ndege ndogo isiyo na madhara inaweza kuangusha watu wakubwa, na woga huo huzaa ukali.

Udhaifu wa msimamo huu una pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba ukali huua wasio na hatia. Tarehe 20 Aprili 2001 ndege ya wamisionari ilishambuliwa angani nchini Peru ikidhaniwa imebeba dawa za kulevya. Mama mmoja na mtoto wake mchanga wa kike walikufa. Tarehe 4 Mei 2020 ndege ya Kenya iliyobeba vifaa vya tiba wakati wa janga la korona iliangushwa ilipokuwa inakaribia kutua Bardale, Somalia, na watu sita wakafa. Wanajeshi wa Ethiopia waliokuwa wakilinda eneo hilo hawakuwa na taarifa ya safari hiyo, wakaidhania ndege ya kujitoa mhanga. Tukio la Bardale linafundisha kwamba ruhusa ambayo haikumfikia mtu mwenye bunduki pembeni ya kiwanja haimlindi yeyote. Kisheria pia, kifungu cha 3 bis cha Mkataba wa Chicago, kilichopitishwa mwaka 1984 baada ya ndege ya abiria ya Korea kuangushwa na watu 269 kufa mwaka uliotangulia, kinazitaka dola zijizuie kutumia silaha dhidi ya ndege za kiraia zilizo angani.

Upande wa pili ni kwamba kibali chenyewe hakithibitishi usafi. Tarehe 30 Aprili 2013 ndege kubwa iliyobeba wageni wa harusi ya familia ya wafanyabiashara ya Gupta kutoka India ilitua katika kambi ya jeshi la anga ya Waterkloof, Afrika Kusini. Ruhusa ilikuwepo, lakini ilipatikana kwa mlango wa kidiplomasia ambao haukuwa wao. Aliyekuwa mkuu wa itifaki, Bruce Koloane, alikiri mwaka 2019 mbele ya Tume ya Zondo, iliyochunguza ufisadi serikalini, kwamba alitumia jina la rais wa wakati huo kushinikiza kibali hicho. Mwezi Agosti 2023 ndege ya binafsi iliyotokea Cairo ilikamatwa Lusaka, tena katika uwanja mkuu wa kimataifa, ikiwa na mamilioni ya dola taslimu, bastola, risasi na vipande vya madini vilivyofanana na dhahabu. Anayeweka matumaini yake yote kwenye karatasi ya ruhusa anamwachia mhalifu mwenye fedha mlango wa mbele.

Msimamo wa pili: uhai kwanza

Marubani na watu wa usalama wa safari za anga huanzia mahali pengine. Kwao, swali la kwanza ni kama watu waliomo ndani watashuka wakiwa hai.

Nguvu ya msimamo huu inaonekana ukimtazama rubani ambaye redio yake imekufa. Ataweka namba 7600 kwenye kifaa kinachojibu rada, namba inayomaanisha mawasiliano yamekatika. Atazunguka juu ya kiwanja huku macho yake yakiwa mnarani, akitafuta taa. Taa ya kijani isiyokatika humwambia atue. Nyekundu isiyokatika humwambia apishe ndege nyingine na aendelee kuzunguka. Nyekundu ya kumetameta humwambia kiwanja si salama, asitue. Nyeupe ya kumetameta humwambia atue hapo na kwenda kwenye maegesho. Lugha hii ya taa ipo kwa sababu wataalamu walikubali zamani kwamba siku moja ndege itakuja bila sauti, na waliopo chini watapaswa kuipokea badala ya kuifukuza.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Uingereza. Mwaka 1997 mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo ilichapisha uchambuzi wa ajali za vifo za ndege ndogo zilizotokea kati ya 1985 na 1994. Miongoni mwa yaliyobainika ni kwamba baadhi ya ajali zingeepukika kama rubani angegeuza njia mapema au kutua kwa tahadhari, lakini utamaduni wa kusukuma mbele na kutumaini mema ulikuwa na nguvu kuliko usumbufu na gharama za kutua pengine. Pendekezo lilikuwa kuwaelimisha marubani na kuwashawishi wenye viwanja waache kutoza ada kwa wanaotua kwa dharura au kwa kugeuza njia. Kutokana na wazo hilo ulizaliwa Mpango wa Strasser, ambao viwanja vingi vya Uingereza vimejiunga nao kwa hiari: anayetua kwa dharura ya kweli au kwa tahadhari halipi ada ya kutua.

Udhaifu wake nao ni halisi. Neno dharura linaweza kugeuzwa ngao. Rubani aliyepaa na mafuta kidogo ili abebe abiria mmoja zaidi atafika juu ya kiwanja cha watu akiwa na dharura ya kweli aliyoitengeneza mwenyewe. Msafirishaji wa magendo naye anaweza kudai injini ilisumbua. Na huruma isiyo na ufuatiliaji humfundisha mzembe kwamba mlango utafunguliwa kila mara.

Msimamo wa tatu: kiwanja kina mwenyewe

Mwenye kiwanja anasema jambo ambalo Mswahili yeyote analielewa: mgeni hupiga hodi. Lakini hoja yake si ya heshima peke yake. Anajua mambo ambayo rubani aliye juu hayajui.

Kwenye kiwanja cha hifadhini, kabla ya ndege kushuka, mara nyingi mtu huingia na gari akaendesha kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia ya kurukia kuwafukuza swala, nyumbu au pundamilia. Rubani makini naye hupita chini mara moja kukagua kabla ya kuzunguka na kutua. Ndege isipotarajiwa, gari halipo. Kwenye viwanja vya vijijini, ng'ombe hulisha na watoto hucheza mpira, kwa kuwa ndege huja mara chache. Kwenye viwanja vya Ulaya vya ndege zisizo na injini, waya wa chuma huzivuta ndege hizo hadi mamia ya mita angani, na mgeni anayekatiza juu ya kiwanja hauoni waya huo. Kuna shimo lililochimbwa na mnyama na kufunikwa na majani, kuna upande wa kaskazini uliolowa, kuna msafara wa watu unaosubiri ndege nyingine. Mazungumzo ya simu ya dakika mbili hufichua yote haya.

Kisha kuna lawama ya baadaye. Mgeni akiparamia ng'ombe, nani atalipa? Kampuni ya bima inaweza kukataa madai ya rubani aliyetua mahali asiporuhusiwa, na mwenye kiwanja akajikuta mahakamani kwa ajali ya mtu asiyemwalika.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba haki ya mali haiwezi kuwa juu ya uhai, na kwamba baadhi ya wenye viwanja huutumia kibali kama biashara. Ada ya juu kwa asiyetarajiwa, hata akiwa taabuni, inarudisha palepale tatizo lililobainika Uingereza: rubani anapiga hesabu ya fedha wakati ambao angepaswa kupiga hesabu ya mafuta. Ni vyema pia kukumbuka kwamba kwa Uingereza, kutua kwenye kiwanja cha mtu bila ruhusa kwa kawaida ni suala la madai kati ya watu wawili, halina uzito wa jinai kwa lenyewe. Huko hasira ya mwenye mali na kosa dhidi ya dola havichanganywi.

Msimamo wa nne: fungueni milango

Kundi la mwisho linataka vibali vya ndani vipunguzwe au vifutwe. Mfano wao ni Marekani. Huko viwanja vingi vidogo viko wazi kwa umma, na rubani wa ndege binafsi anaweza kutua bila kumpigia mtu simu. Kiwanja cha mtu binafsi bado kinahitaji ruhusa ya mwenyewe. Lakini nchi hiyohiyo ni kali mno mpakani: ndege binafsi itokayo nje hupaswa kutuma orodha ya watu waliomo angalau dakika 60 kabla ya kuondoka, na kutua kwenye kiwanja kilichoteuliwa kwa ukaguzi.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unaokoa muda na maisha. Daktari wa ndege anayekwenda kumchukua mama mjamzito aliyezidiwa hapaswi kusubiri muhuri. Shirika la afya la AMREF lilianza huduma ya madaktari wa ndege mwaka 1957 kutokana na ukweli huo: kijiji kina kiwanja cha nyasi na hakina hospitali. Mlolongo mfupi wa ruhusa pia hupunguza nafasi za rushwa, maana kila muhuri ni meza, na kila meza ina mtu.

Udhaifu ni kwamba Marekani inaweza kuacha milango ya ndani wazi kwa sababu ina rada, polisi, barabara na mahakama za kutosha nyuma ya milango hiyo. Kuiga uwazi bila kuwa na uwezo huo ni kuiacha Kilambo ijirudie. Lakini somo moja la Wamarekani linaweza kubebwa bila gharama yoyote: wametenganisha kibali cha ndani na kibali cha mpakani, hawavipimi kwa mizani moja.

Kupima misimamo

Ukiiweka misimamo minne pamoja, unaona kwamba kila mmoja unalinda kitu cha kweli. Dola inalinda mpaka, rubani analinda uhai, mwenye kiwanja analinda njia ya kurukia na mali yake, na wanaotaka urahisi wanalinda huduma. Kosa la pamoja ni kukazia macho dakika ambayo magurudumu yanagusa ardhi.

Dakika hiyo kwa kawaida haina kosa. Rubani aliyeishiwa mafuta na akatua kwenye kiwanja cha mgodi alifanya jambo sahihi kutua. Kosa lake alilifanya saa mbili kabla, alipoondoka bila akiba. Aliyekwepa dhoruba akateremka hifadhini bila ruhusa alifanya sahihi; kosa litakuwepo tu kama asubuhi yake ataondoka kimyakimya bila kumwarifu mtu. Msafirishaji wa magendo hana kosa la kutua peke yake. Kosa lake lilianza alipozima kifaa cha kujibu rada na likaendelea aliposhusha mzigo gizani. Hukumu ya haki, basi, inatazama kabla ya kutua na baada ya kutua.

Maswali matatu yanatosha kumwongoza mchunguzi. Kwanza, je, rubani alijitangaza? Alitumia redio, masafa ya dharura ya megahezi 121.5, namba ya 7600 au ile ya dharura, 7700, au alijificha? Pili, je, alikuwa na lazima, na lazima hiyo ilitokana na uzembe wake kabla ya kupaa? Tatu, baada ya kutua aliripoti kwa ofisa wa karibu, akakaa na ndege, akaonyesha watu na mizigo, au alitokomea? Aliyejitangaza, mwenye lazima na aliyeripoti anastahili msaada, si faini. Aliyejitangaza lakini akatengeneza lazima yake kwa uzembe aadhibiwe kwa uzembe huo, kwa leseni yake na mafunzo ya lazima, wala asiadhibiwe kwa kutua. Aliyejificha kabla na baada anastahili ukali wote wa sheria, na ndege yake itaifishwe.

Njia hii ina gharama zake. Inahitaji wachunguzi wenye ujuzi badala ya askari wa kukamata tu. Inachukua muda, na baadhi ya wajanja watapita kwenye tundu la huruma. Lakini gharama ya njia nyingine ni kubwa zaidi, kwa kuwa mjanja aliyeponyoka anaweza kukamatwa safari ijayo, na familia iliyoanguka mlimani kwa kuogopa faini hairudi.

Kuna wajibu wa upande wa pili pia. Mamlaka inayodai kibali inapaswa kutoa njia ya kukiomba inayofanya kazi: namba ya simu inayopokewa, jibu ndani ya muda unaojulikana, taarifa za viwanja zinazosasishwa, na tangazo la kufungwa linalowafikia marubani kabla hawajapaa. Inapaswa kuhakikisha kibali kinafika kwa askari aliye kiwanjani, ili Bardale isijirudie. Na ofisa anayeuza au kukopesha kibali, kama ilivyotokea Waterkloof, ahesabiwe kuwa amevunja mpaka sawasawa na rubani wa magendo.

Muhtasari

Kibali cha kutua si kimoja. Kuna cha anga, cha forodha na uhamiaji, cha mwenye kiwanja na cha mnara, na kimoja hakijazi nafasi ya kingine. Marubani hutua bila kibali kwa dharura, kwa tahadhari, kwa kutojua, kwa mazoea au kwa kujificha, na sababu hizi hazistahili adhabu moja. Ukali wa mpakani una msingi lakini umewahi kuua wasio na hatia. Huruma kwa rubani inaokoa maisha lakini hulea wazembe isipofuatiliwa. Haki ya mwenye kiwanja inalinda usalama lakini haiwezi kuuza uhai. Na uwazi wa ndani unafaa pale tu dola ina macho ya kutosha.

Mamlaka za usafiri wa anga za Afrika Mashariki zitamke hadharani, kwa lugha ambayo kila rubani na kila mwenye kiwanja ataielewa, kwamba anayetua kwa lazima na kuripoti mara moja hatatozwa ada wala faini kwa kutua huko, na kwamba anayejificha atapoteza leseni na ndege. Na wewe rubani, ukiwa juu ya kiwanja kisicho chako huku mafuta yanakwisha na jua linazama, tangaza, tua, kisha ripoti.